Mwanamke Aliyeiogopa Hapana

Hapa kwetu Kakamega watu huogopa radi, na wana haki. Mvua ya alasiri haikosi, na radi zake hazibishi hodi. Mtunzaji hakuogopa radi. Hakuogopa nyoka wa kwenye miwa wala askari wa kaunti, na siku moja nilimwona akimfukuza fahali sokoni kwa mwavuli, fahali akatii. Alichokiogopa ni jibu la mashine aliyoitengeneza kwa mikono yake, jibu la neno moja. Nilipofanya kazi naye kwa muda nikaanza kuliogopa mimi pia, na hadi leo naliogopa.

Mtunzaji lilikuwa jina la kazi yake, nasi tulilitumia akiwa hayupo. Akiwepo tulimwita Madam, maana alikuwa amefundisha hisabati sekondari hadi akastaafu, na mwalimu wa kike hapa Kenya hufa na jina hilo. Alitunza hifadhidata ya maneno. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la pembejeo za kilimo, na harufu ya dawa za shambani ilipanda ngazi ikatufuata mpaka kwenye vikombe vya chai. Mhudumu wa afya aliye kijijini, Kabras au Matete au Ekero, alituandikia ujumbe kwa simu akieleza mtoto amekunywa nini. Mashine ilichukua maneno yake, ikayatafuta kwenye hifadhidata, ikayapitisha kwenye kanuni, kisha ikamjibu kama kitu kile ni sumu na kama mtoto apelekwe hospitali. Wenye taaluma yao huita kazi hiyo programu ya mantiki. Madam aliita mashine "huyu kiumbe", na hakusema hivyo kwa mapenzi.

Ukifungua ndani hukuti miujiza. Kuna sentensi fupi fupi tu, kila moja ikisema kitu fulani ni aina ya kitu fulani. Dawa ya kuua magugu ni aina ya kemikali ya shambani, kemikali ya shambani ni aina ya sumu. Kila neno lina mzazi, na mzazi ana mzazi wake. Ukiuliza, mashine hupanda ngazi ya ukoo huo, na ikikuta sumu huko juu husema ndiyo. Isipokuta husema hapana. Hapo ndipo palipomnyima Madam usingizi, kwa sababu mashine ya aina hii haina jibu la tatu. Kitu ambacho hakuna mtu aliyekiandika, kwake ni uongo. Haikwambii kwamba haijawahi kulisikia neno hilo. Inasema hapana, kwa utulivu uleule inaotumia kukwambia kwamba maziwa si sumu.

"Mchukue mtu amefungiwa chumbani tangu azaliwe," alinieleza siku yangu ya kwanza, kabla hata hajanionyesha kiti. "Muulize kama kuna mto unaitwa Nzoia. Ataangalia pembe zote za chumba, halafu akwambie hakuna. Na hadanganyi! Hapo ndipo uoga wangu uko. Hadanganyi."

Kwa hiyo aliiwekea mashine kanuni moja juu ya nyingine zote. Kabla ya kusema hapana, itazame kwanza kama inalijua neno lenyewe. Kama hailijui, iandike: Sijui, mpeleke hospitali sasa. Kanuni hiyo haikujaza hata nusu ya skrini, lakini tulijua sote kwamba ndiyo iliyosimama kati ya watoto wa nchi ya miwa na kaburi. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mimi nilikuwa naogopa hata kuisoma kidole kikiwa karibu na kibodi.

Kila asubuhi, kabla hajasalimia mtu, Madam alibuni jina la kitu kisichokuwepo duniani na kuiuliza mashine kama ni sumu. Siku moja lilikuwa "kibiriki cha mwezi", siku nyingine "maji ya mbwa wa shangazi". Tulicheka kila siku, naye hakucheka. Mashine ikijibu kwamba haijui, alivuta pumzi, akavua koti, akageuka na kusema habari za asubuhi. Kuna siku kijana mmoja wa ofisini alikuwa amepanga upya mafaili jana yake, na kanuni ikawa imesukumwa chini ya zile zingine. Madam aliuliza jina lake la kubuni. Mashine ikasema hapana. Alisimama akashika ukingo wa meza, na uso wake ukawa na rangi ya majivu. Hakumgombeza kijana. Alikaa, akairudisha kanuni mahali pake, kisha akapekua maswali yote yaliyoingia tangu jana, moja moja, midomo ikitetemeka kama mtu anayesali rozari. Hakukuwa na baya. Hata hivyo hakunywa chai siku hiyo, na kijana yule hakuwahi tena kupanga mafaili bila kumwita.

Mtu anaweza kudhani alikuwa mtu wa huzuni. Hapana, alikuwa na utani mwingi, na ulimi wake ulikuwa na pilipili. Kuna mara mmoja wetu alikosea, akaandika neno moja kuwa mzazi wa neno ambalo tayari lilikuwa babu yake. Mashine ikawa inapanda na kuzunguka ukoo ule bila kufika, mpaka ikaganda. Madam alitazama, akapiga makofi. "Mmemfanya mtoto amzae babu yake!" alisema. "Hata kwa Waluhya hatujafika hapo." Alipenda methali, ila alizikata upya kama shati zimtoshe. Tukisema kuuliza si ujinga, yeye alimalizia, "Ujinga uko kwa kujibu." Na katika nchi hii ya sukari alikunywa chai isiyo na sukari, akisema watu wa hapa wamekula sukari mpaka wakasahau majani ya chai yana ladha gani.

Adui yake wa kweli alikuwa chupa ya soda. Mtu asiyekaa kwenye miwa hawezi kujua. Mkulima mdogo hana haja ya debe zima la dawa ya magugu. Anaenda dukani na chupa yake ya soda, anapimiwa kiasi cha kipande chake cha shamba, anarudi nyumbani. Debe lenye maandishi na picha ya fuvu linabaki dukani. Kule nyumbani dawa haina jina tena, basi watu huipa jina lao, na kila mahali wana lao. Msimu ukigeuka, jina nalo linageuka. Mama ambaye mtoto wake ameonja hawezi kumwambia mhudumu jina la kiwandani, kwa sababu hajawahi kuliona. Anasema lile la nyumbani, na mhudumu anatuandikia hilohilo.

Madam aliyakimbiza majina hayo kama mtu anayekimbiza kuku wa mgeni. Alishuka dukani chini yetu karibu kila siku, akasimama kando ya kaunta na kusikiliza wateja. Mwenye duka alimchoka.

"Madam, leo unanunua ama unauliza?"

"Nauliza. Hii mnaiitanga aje siku hizi?"

"Hii? Watu wa Kabras wanaiitanga chapa jua. Unanyunyiza asubuhi, jioni magugu imelala yote."

"Tangu lini?"

"Ai, mimi nitajuaje! Wiki jana nimesikia watu wakiitisha hivyo. Ile jina ya zamani watu wameacha."

Alipanda ngazi akihema, miaka yake yote ikiwa magotini, akaandika kwamba chapa jua ni aina ya dawa ya kuua magugu. Kisha aliketi mikono ikiwa mapajani. "Wiki nzima," alisema. "Jina limetembea huko nje wiki nzima, na huyu kiumbe hana habari." Nilimkumbusha kwamba kanuni yake ingesema haijui, mtoto angepelekwa hospitali. Akaniangalia kwa huruma, kama mwalimu anavyomwangalia mwanafunzi aliyejibu nusu. Aliniambia mama akitumwa hospitali mara ya kwanza bure ataenda, mara ya pili ataenda akinung'unika, ya tatu atamtazama mtoto anacheza na kukaa. Nauli ya pikipiki haitoki mtini. Kwa hiyo alitaka mashine iseme haijui mara chache iwezekanavyo, na hakutaka kabisa ikose kusema pale inapobidi. Alikaa katikati ya hofu mbili, na sidhani alipata siku ya kupumzika kutoka mojawapo.

Lakini ngoja nimseme vizuri, nisimfanye mtakatifu. Mwanamke huyu aliyetutisha kwa habari za chupa alikuwa na chupa yake mwenyewe. Nilifika kwake mara moja kumpelekea kompyuta, nikaiona ikining'inia kwenye boriti ya jikoni kwa kamba, ya soda, bila maandishi, yenye majimaji ya kijani. Nilipomuuliza alikasirika kama mtu niliyemkuta akiiba. Alisema yeye anajua kilichomo. Nikamwambia kila mwenye chupa anajua kilichomo. Akanipa obusuma, ugali wa kwetu, na mboga, tukala, na sikuirudia habari hiyo. Ni hivyo alivyokuwa. Hata shukrani hakuzipenda. Mhudumu alipopiga simu kusema mtoto amepona, Madam alimpa simu mtu mwingine na kutoka nje. Aliwahi kuniambia kwamba anayepona anapiga simu, asiyepona hapigi, kwa hiyo simu hizo hazimwambii lolote.

Mkuu wa mradi hakumwelewa, au alimwelewa na hakuwa na nafasi. Alikuwa mtu mpole wa tai safi, aliyelazimika kuwaonyesha wafadhili kitu kinachong'aa. Siku ya kikao alituwekea skrini ukutani.

"Wageni wakijaribu wenyewe, wanapata sijui, sijui," alisema. "Sasa hiyo ni mashine ya kisasa ama ni mwanafunzi hajasoma?"

"Mwanafunzi wa kusema sijui nilimpendanga," Madam alijibu. "Yule wa kubahatisha ndiye alinipa kazi."

"Madam, watu wanataka ndiyo ama hapana."

"Watu wanataka watoto wao."

Mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa, akarudi kwake ng'ambo ya Malava, kwenye njia ya Matete, bila karamu ya kumuaga kwa sababu alikataa. Kanuni yake ilibaki. Mwaka mzima hakuna aliyeigusa, nadhani kwa woga tu, jinsi watu wanavyokwepa mti uliopigwa na radi. Kisha Mkuu akaleta mtaalamu kutoka Nairobi, na mtaalamu akasema kanuni zetu zina uchafu, atazisafisha. Nilipinga kikaoni, nikapinga kwa barua pepe. Ijumaa jioni niliambiwa kazi imekwisha na toleo jipya litaanza Jumamosi alfajiri. Sikulala vizuri. Jumamosi asubuhi nilipanda pikipiki nikaenda kumwambia, kwa sababu sikujua mtu mwingine wa kumwambia.

Nilimkuta uani akichambua maharage kwenye ungo. Wajukuu wa majirani walimwita Kukhu, nyanya, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko Madam. Alinipa chai isiyo na sukari, nikamweleza. Mkono wake ulisimama ndani ya ungo.

"Ile kanuni wameitoa?"

"Wameitoa."

"Imeanza lini kufanya kazi hivyo?"

"Leo asubuhi."

Alianza tena kuchambua, lakini sasa alikuwa anatupa mazuri pamoja na mabovu. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumtuliza wakati mama mmoja kijana alipoingia uani akiwa amemshika mkono mtoto wa kiume mdogo, anayetafuna kipande cha muwa. Nyuma yao alikuja mhudumu wa afya wa kijiji, simu mkononi. Walikuwa wanapita tu, wakitoka shambani.

"Mulembe, Kukhu!" mama aliita kwa furaha. "Nimesema nipitie nikupe asante. Ile mashine yenu imenisaidia leo. Huyu ameonja chupa ya baba yake huko shambani. Nimelia! Lakini mhudumu ameuliza, imesema hakuna shida."

Maharage yalimwagika. Madam alikuwa amesimama.

"Uliiandikia nini?" alimuuliza mhudumu.

"Niliandika vile wanaiitanga, pita mbali. Hii hapa, Kukhu, imejibu. Hapana, si sumu."

Madam alinigeukia. Sijawahi kutazamwa vile na mtu. "Hilo jina tunalo?"

Niliyajua majina yote tuliyokuwa nayo. "Hatunalo," nikasema.

"Mama," Madam alisema, taratibu sana, "mimi ndiye niliianzisha hiyo mashine. Haijui hiyo dawa. Haijui, na wameifunza kusema hapana. Twende hospitali."

"Lakini imesema hapana, Kukhu." Mama alirudi nyuma hatua moja, akamvuta mtoto. Alikuwa amekwisha kulia machozi yake ya siku hiyo, na sasa mtu alimtaka aanze upya. "Si umwone? Anacheza. Anakula muwa."

"Kuna zile za kuunguza. Mtoto anachezanga kwanza." Madam alipiga goti chini mbele ya mtoto. "Kuja, baba. Fungua mdomo nione meno yako mazuri."

Mtoto alifungua, akicheka. Chini ya ulimi palikuwa na weupe, kama pa mtu aliyelamba kitu cha moto. Mama alipopaona alipiga yowe moja fupi, na baada ya hapo hakuna aliyebishana. Madam alimbeba mtoto yeye mwenyewe mpaka barabarani, hakukubali nimpokee. Tulikwenda kwa pikipiki mbili, na njia nzima niliutazama mgongo wake mbele yangu nikiomba Mungu, mimi ambaye huomba kwa nadra.

Hospitalini daktari alimtazama mtoto mdomoni, akauliza saa aliyokunywa, akawaita wauguzi. Walimchukua haraka. Mama aliingia naye. Daktari alituambia tumefanya vizuri kutokungoja, kwamba bado ni mapema kusema lolote, na kwamba tungefika jioni mambo yangekuwa mengine. Nilikaa kwenye benchi nikafunika uso. Nilitaka kulia kwa shukrani. Madam hakukaa.

"Unaweza kufungua mashine kwa simu yako?"

"Naweza."

"Irudishe."

Mkuu angeweza kunifukuza kazi. Nilifikiri hilo kwa muda mfupi kabisa, kisha nikaingia, nikaiweka kanuni yake juu ya zote. Vidole vilikuwa vinateleza kwa jasho. Nilipomwambia tayari, alikuwa ameinama juu yangu.

"Sasa nisomee wote walioambiwa hapana tangu asubuhi."

Hawakuwa wengi. Mmoja aliuliza juu ya mafuta ya kupikia. Mwingine chaki. Mwingine jivu. Nilianza kupata nguvu. Kisha nikafika kwa mhudumu wa Ekero, aliyeandika jina ambalo sikuwahi kuliona, na kwamba mtoto amekinywa kitu hicho kwenye kifuniko cha chupa ya soda. Jibu lilikuwa chini yake: Hapana, si sumu.

Madam alininyang'anya simu, akabonyeza namba yenyewe, akaiweka sauti nje kwa sababu masikio yake hayakuwa mazuri tena. Iliita kwa muda mrefu.

"Asalaam aleikum," alijibu mwanamke, sauti ya mtu mzima.

"Waleikum salaam, mama. Mimi ni wa ile mashine ya dawa. Mtoto uliyeuliza juu yake asubuhi ako wapi?"

"Ahaa! Ni mjukuu wangu, yuko hapa kwangu. Alhamdulillahi, hana neno. Mlisema si sumu. Alikuwa analialia kidogo, sasa amenyamaza, tumemlaza."

Madam alifumba macho.

"Mwamshe."

"Vipi?"

"Mwamshe, mama. Mimi nangoja hapa kwa simu. Nenda umwamshe, nimsikie."

Tulisikia ndara zikiburuzwa sakafuni, na mlango ukifunguliwa. Tulisikia yule nyanya akimwita mjukuu wake kwa jina, kwa upole, kama anavyoamshwa mtoto aliyelala mchana. Mtoto hakuitika. Kisha akamwita tena, kwa nguvu.